Hati ya Binti wa Zisis

Jumapili baada ya ibada, benchi la nje ya mgahawa lilikuwa la walinzi wa kijiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa na miaka mitatu tangu viishe, na serikali ya mfalme ikawagawia bunduki wale iliowaamini. Aliyewahi kukanyaga mlimani kwa waasi wa kikomunisti, hata siku moja, hakupewa. Lambros alipewa. Yake iliegemea ukuta pamoja na ya Jenerali, ambaye jeshini hakuvuka jikoni, na ya Redio, ambaye hana redio ila mwenyewe hazimi.

Siku hiyo walimjadili Anthoula. Amefaulu kuingia chuo cha ualimu, lakini bila hati ya uaminifu, iliyothibitishwa na walinzi, chuo hakimpokei. Na baba yake, Zisis, kila mtu anajua alifia mlimani.

— Mtoto wa nyoka, alisema Jenerali. Kisha akapiga funda la kahawa kama mtu aliyemaliza kesi.

Redio akaongeza kwamba Zisis hakufa, yuko Tashkenti kwa Warusi, ana farasi mweupe. Jenerali akasema farasi wapi, ana kikosi kizima. Redio akakumbuka kuwa binti anafuma soksi kwa uzi mwekundu.

— Dalili ya mvua ni mawingu, ndugu zangu.

— Ni soksi, Redio, alisema Lambros.

— Ndivyo inavyoanza. Leo soksi, kesho bendera. Wewe mlinzi gani, huoni mbali?

Ng'ambo ya uwanja, kisimani, Anthoula alikuwa anasuuza mtungi uliokwisha kutakata, sikio lote huku.

Lambros ndiye aliyejua ukweli. Yeye na Zisis walikamatwa pamoja njiani kutoka kinuni, waasi wakawabebesha unga siku arobaini. Zisis alipojaribu kutoroka arudi kwake, walimpiga risasi ya mgongo. Lambros alitoroka baadaye, akaja na hadithi kwamba alikuwa mjini Yanina kwa wakwe, anaumwa homa ya matumbo. Kijiji kikampa pole. Halafu kikampa bunduki.

Koplo mpya wa kituo cha polisi, mgeni kutoka kisiwa cha Krete, akafika na fomu ya hati ya Anthoula. Akaagiza kahawa bila sukari, akawasikiliza mpaka kwenye kikosi cha Tashkenti, kalamu imetulia.

— Sawa, wazee. Hapa wanataka shahidi, la sivyo hati haitoki. Nani kati yenu alimwona Zisis huko mlimani?

Jenerali akaangalia machicha ya kahawa kikombeni. Redio akazima. Aliyemwona Zisis mlimani, basi naye alikuwa mlimani.

Koplo alikuwa anaanza kufunika kalamu.

— Mimi, alisema Lambros. Tulibebeshwa unga pamoja. Waasi wenyewe ndio waliomuua, akikimbilia nyumbani.

— Kwa hiyo na wewe ulikuwa huko?

— Andika yote mawili, bwana koplo.

Aliinuka, akachukua bunduki yake, akailaza mezani katikati ya vikombe. Kisimani sauti ya mtungi ukisuuzwa ilikuwa imekoma.

Alipogeuka kukaa, Jenerali alikuwa amesogea mwisho wa huku, Redio mwisho wa kule. Benchi lile walilikalia miaka yote mabega yakibanana. Lambros akakaa katikati, peke yake, akamalizia kahawa yake iliyopoa.