Nani Ana Ruhusa ya Kusema Kipilipili

Mbele ya banda la Kinyozi kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu mizima na mmoja wa matofali, na wenyeji wake ni wanne. Yupo Kinyozi mwenyewe, anayekaa pale asipokuwa na mteja, na siku nyingi hana. Yupo Profesa, aliyekuwa karani wa shule na hajafundisha hata somo moja, ila ana miwani. Yupo Waya, fundi redio wa banda la pili. Na yupo Dalali wa nyumba, ambaye bado hatujapata mtu aliyewahi kuuziwa nyumba naye. Katikati yao hukaa jiko na birika la kahawa. Jumamosi hiyo kahawa iliiva mapema, lakini Kinyozi hakuigusa. Alikuwa anamngoja mjumbe kutoka kwa wakwe, na mjumbe huyo ndiye angesema kama mwanawe anaoa au haoi.

— Hebu rudia, akasema Profesa. Ulisemaje hasa?

— Nimerudia mpaka koo limekauka, jamani.

— Rudia. Neno moja likihama mahali pake, kesi nzima inabadilika.

Kinyozi akashusha pumzi. Mambo yalikuwa hivi. Juzi walikwenda kujitambulisha kwa kina binti: yeye, mkewe, mwanawe, na Dalali kama msemaji, kwa sababu ana suti. Wakakaribishwa sebuleni, wakapewa juisi, mazungumzo yakaenda vizuri. Kisha binti akaingia kusalimia, kichwa wazi, nywele amezichambua zikasimama duara zima. Mtu mwingine angesema hongereni, akanywa juisi yake. Kinyozi akaangalia kile kichwa, akatikisa chake, akasema: "Kipilipili safi hiki. Kimeshiba, hakina hata pengo."

Alikuwa anasifu. Aliapa hivyo njiani, akaapa tena nyumbani. Lakini shangazi yake binti, aliyemlea na ndiye mwenye kauli mle ndani, aliweka glasi mezani akasema kikao kimekwisha, Jumamosi atatuma mtu. Wageni wakatoka, Dalali akiwa na kiatu kimoja mkononi. Tangu siku hiyo mwanawe Kinyozi anakula, anaosha sahani yake, anaingia kulala. Hamwambii baba yake neno. Kijana mwenyewe ni mtoto wa pekee, na Kinyozi alikuwa anaogopa, tusimfichie.

— Na juisi yangu niliiacha nusu, akasema Dalali.

— Sasa tulieni, akasema Profesa, akivua miwani kuifuta, na Profesa akifuta miwani ujue kuna sheria inakuja. Hili jambo ni jepesi. Neno kama hilo ni la mwenye nalo. Mimi nywele zangu ni kipilipili, basi naruhusiwa kulisema. Mtu wa singa akilisema, ni tusi. Mkuu wangu wa kwanza pale shuleni alikuwa mtu wa singa, zinalala zenyewe. Akiita "wewe wa kipilipili," ujue umeitwa kufagia.

— Ulikuwa karani, akasema Waya.

— Nilikuwa karani anayefagia.

— Basi mimi niko salama, akasema Kinyozi. Zangu ni kama zake binti, hazina tofauti.

— Ziko wapi?

Kinyozi akajipapasa. Hapakuwa na kitu. Huyu bwana hujinyoa mwenyewe kila Ijumaa, kisha huwanyoa na wenzake watatu kwa kukosa kazi, mpaka ngozi. Vichwa vinne pale benchini viling'aa kama sahani zilizotoka kuoshwa.

— Zitaota, akasema Kinyozi.

— Mjumbe anakuja leo, akasema Profesa.

Waya alikuwa ameshika bisibisi, maana haiachi hata msibani. Akaielekeza kwa Profesa.

— Wewe unaleta mambo ya ofisini. Hili ni suala la ufundi. Mimi nikiletewa redio nasema imekufa, na mwenye redio halii, anaelewa ni lugha ya fundi. Huyu ni kinyozi. Nywele ndizo kazi yake. Daktari akikutazama akataja ugonjwa wako, utasema amekutukana?

— Lakini hakuwa kazini, akasema Dalali. Alikuwa kwenye kochi.

— Mfukoni ulikuwa na nini? Waya akamuuliza Kinyozi.

— Kitana.

— Alikuwa kazini.

Kinyozi akaipenda sana hoja hiyo. Akaikariri kimya kimya, amwambie mjumbe vilevile: daktari, ugonjwa, kitana. Ilipofika kwenye ugonjwa ikamtia wasiwasi kidogo, kwa sababu alianza kumwona shangazi akiweka glasi mezani mara ya pili.

— Nyote mmepotea njia, akasema Dalali, akijimiminia kahawa ya Kinyozi. Suala ni la umiliki. Lile neno alilijenga nani? Si sisi. Wenye singa walikuja wakatukuta na vichwa vyetu, wakatazama, wakaweka kibao: hapa pana kipilipili. Zao wakaziita nzuri. Sisi tukaingia kwenye lile neno kama wapangaji, tukakaa vizazi na vizazi, tukazaa humo, tukapaka na rangi. Lakini hati hatuna. Mpangaji anaweza kuishi ndani ya nyumba, hawezi kuwapangishia wengine. Kinyozi, wewe ulimpangisha mtoto wa watu nyumba isiyo yako.

— Kipilipili ni Kiswahili, akasema Profesa. Waliokuja hata pilipili yenyewe ilikuwa inawatoa machozi.

— Kibao kinaandikwa kwa lugha ya wapangaji, ili wasome.

Profesa hakukubali. Alikuwa anatafuta pa kuingilia.

— Ila kuna nafuu, Dalali akaendelea, maana alikuwa amenogewa. Ndani ya familia hakuna kodi. Bibi anamwita mjukuu wake kipilipili, nani amewahi kumshitaki? Kosa lako ni haraka tu. Ungengoja ndoa ipite, binti akishakuwa mkweo halali, unasema asubuhi na jioni.

— Kwa hiyo ningekuwa na subira ya miezi miwili tu, akasema Kinyozi.

— Miwili, kama hakuna mvua.

Profesa akapata pa kuingilia. Akasema mambo ya familia, ya hati na ya ufundi yote ni maneno matupu, kinachotakiwa ni kipimo. Chukua kitana. Kipitishe kichwani kwa mtu. Kikikwama, mtu huyo ana ruhusa ya kulisema neno popote, kwa sauti yoyote. Kikipita, afunge mdomo. Akaomba kitana hapohapo. Kinyozi akakitoa mfukoni, kilekile kilichokwenda kwa wakwe, na nadhani tayari mnaona kilichotokea. Kikapita kwa Profesa bila kugusa kitu. Kikapita kwa Dalali. Kikapita kwa Kinyozi mwenyewe, kikatoka upande wa pili na jasho.

— Kwa kipimo hiki, akasema Profesa pole pole, sisi wote ni singa.

Dalali akajishika kichwa, akaonekana kama mtu aliyepewa taarifa njema asiyoitegemea. Waya peke yake ndiye aliyekuwa na ndevu. Wakampitisha kitana kidevuni, kikanasa, ikabidi wakitoe kwa bisibisi.

— Waya ana ruhusa, akatangaza Profesa. Lakini inaishia kidevuni. Ya kichwani huna.

— Inanitosha, akasema Waya, akijipapasa kidevu.

Hapo ndipo waliposikia hodi. Walitegemea mzee mwenye fimbo, au mjomba mwenye sauti nene. Alikuwa binti mwenyewe, peke yake, mkoba begani, nywele zake zimesimama vilevile kama siku ile. Kinyozi akainuka haraka mno, na benchi likainama upande wa matofali.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakasema wote wanne, kwa sauti ya chini.

— Shangazi amenituma, akasema binti. Alitaka kumtuma mtu mwingine, nikamwambia nitakwenda mwenyewe, kwa sababu nywele ni zangu.

— Karibu mama, karibu ukae, akasema Kinyozi. Mimi nilitaka kukueleza. Daktari akikutazama…

Alimwangalia Waya amsaidie, na Waya alikuwa anakagua bisibisi yake.

— Nimesikia tangu pale kwenye kona, akasema binti. Ya daktari nimeisikia. Na ya nyumba ya kupanga.

Dalali akaweka chini kikombe.

— Ile picha kubwa pale sebuleni mliiona? Mlikaa chini yake.

— Ya harusi, akasema Kinyozi.

— Ni shangazi. Ameinamisha kichwa upande mmoja, watu wanadhani ni mapozi. Pale pichani ana jeraha bichi la moto nyuma ya sikio. Asubuhi ya siku ile mama mkwe wake alimkalisha jikoni, akakipasha moto kitana cha chuma cha kunyooshea nywele, akasema hataki kipilipili kwenye picha za ukoo wake. Hakuwa mtu wa singa yule mama. Alikuwa mtu kama sisi. Shangazi akanilea akaapa kitana cha moto hakitaingia nyumbani kwake. Hakikuingia. Juzi likaingia neno lenyewe, tena mdomoni mwa baba mkwe.

Kinyozi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Alikuwa ameiona ile picha. Alikuwa amejisemea moyoni kwamba bibi harusi ana maringo.

— Sikuwa na nia mbaya, mwanangu. Nilikuwa nakusifu.

— Najua. Shangazi naye anajua. Ana swali moja tu, amesema nikirudi na jibu lake ndipo mambo yataendelea. Mwanao umemnyoa wewe tangu mchanga, si ndiyo?

— Hajawahi kunyolewa na mtu mwingine.

— Akikaa pale kwenye kiti, nywele zake unaziitaje?

Kinyozi akageuka kukitazama kiti ndani ya banda. Akatafuta. Akamkumbuka kijana akiwa amepakatwa na mama yake, halafu juu ya ubao uliowekwa kwenye mikono ya kiti, halafu kwenye kiti chenyewe, miguu imegusa chini. Miaka yote hiyo alimwambia inamisha kichwa, geuka, usicheke utakatwa. Zilipokuwa nyingi alisema nywele zimekuwa nyingi.

— Naziita nywele, akasema.

— Ni tofauti na zangu?

— Hapana. Ni zilezile. Ukiziweka pamoja huwezi kuzitenganisha.

— Basi mbona kwangu neno nywele halikutosha?

Profesa akavua miwani, akaishika tu bila kuifuta. Dalali akasema "hapo sasa kuna suala la," akasita, akageukia birika, akalikuta tupu, akabaki amelishika. Waya alikuwa amejifunika kidevu kwa kiganja. Binti hakumwangalia yeyote kati yao. Alikuwa anamwangalia Kinyozi, na alingoja kwa adabu, kama mtu anayetaka kweli kujibiwa.

— Sijui, mwanangu, akasema Kinyozi.

— Nikamwambie shangazi hujui?

— Ndilo jibu nililonalo.

— Hilo sitalibeba mimi, baba. Twende ukamwambie mwenyewe.

Kinyozi akajaribu kufungua kamba za aproni, zikamshinda, akaivulia kichwani. Hakufunga banda, na hakuna kati ya wale watatu aliyemkumbusha. Binti alikuwa ameshatangulia. Kinyozi akamfuata nyuma, kichwa wazi juani, bila hoja hata moja.