Shimo la Peniel

Asubuhi ile pale njia panda ya Misigiri, mbele ya benchi la wateja wake, Bibi Scola aliweka birika la kahawa kulia kwake na mjukuu wake kushoto. Peniel, miezi saba, alikuwa amezamishwa mpaka kiunoni kwenye kishimo kilichotandikwa kanga. Ndivyo Bibi alivyowakalisha watoto wake wote tisa. Lakini huyu alikuwa bado analegea kama mlenda, na nyanya yake wa upande wa baba, Febronia wa Kinampanda, alishatuma neno: Jumamosi asipokaa, namchukua nikamlee mwenyewe. Na leo ndiyo Jumamosi.

— Bibi, ubongo wa mtoto una umeme, alisema Antipasi, ambaye kwa kupenda taarifa za habari wanamwita Redio. Nimesikia kwa masikio yangu. Kila teke analopiga, ni umeme unautafuta mguu.

— Kama wewe unavyotafuta stesheni! alidakia Gasto mwenye duka. Tangu ruksa ya biashara huria ije, Gasto anauza mpaka vigari vya plastiki vya kufundishia watoto kutembea. — Basi mtoe shimoni, Bibi! Umeme wote unanywewa na ardhi! Kigari changu kina magurudumu ya mpira, umeme haupiti.

— Kumbe ndiyo maana viazi havitembei! alisema Simoni fundi baiskeli.

— Wewe Simoni ulikaa ukiwa na miezi mingapi? Gasto akauliza.

— Mie? Mama anasema bado sijatulia mpaka leo.

Benchi zima likacheka. Bibi Scola hakucheka. Alishamwona Febronia anakuja, mbeleko iko begani tayari.

— Shikamoo, mama! wanaume wakamwamkia Febronia.

— Marahaba. Akamgeukia Bibi Scola: Mkwe, hujambo?

— Sijambo, mkwe. Karibu.

Febronia hakukaa. Akaangalia shimo, akawageukia wanaume.

— Hebu nyie mnaojua. Huyo mkimtoa humo, anakaa?

Redio akakohoa. Gasto akafuta kofia yake, ingawa haikuwa na vumbi. Simoni akatazama mnyororo wa baiskeli aliyokuwa akiitengeneza.

Bibi Scola akajifuta mikono. Akamng'oa Peniel, akamweka juu ya mkeka, akamwachia.

Mtoto akayumba kushoto. Febronia akavuta mbeleko. Peniel akatua kiganja chini, akausukuma mkeka, akanyooka. Akakaa! Kisha akanyoosha mkono, akamnyang'anya Redio kikombe, akakigonga chini: ko! ko! ko!

— Umeme huo! Redio akapiga kelele.

— Shimo hilo! akasema Bibi Scola.

Febronia akaiteremsha mbeleko, akaikunja polepole, akaketi.

— Haya. Nimiminie basi na mimi.

Bibi akainamisha birika. Tone moja.

— Imekwisha, mkwe. Hawa wameimaliza kwa maneno. Mkunjulie mjukuu miguu akukalie, nachemsha nyingine.