Rispah Nakhumicha, Mama wa Watoto wa Godoro Moja

Mimi ni Rosaline, mdogo wake marehemu wa kumfuata. Nimepewa dakika chache na nitazitumia zote.

Rispah Nakhumicha Wabwile alizaliwa tarehe 9 Agosti 1984 mjini Webuye, ambako baba yetu alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi. Alisomea huko shule ya msingi hadi darasa la nane mwaka wa 1999, akaingia sekondari, kisha akaacha kidato cha pili ili amwuguze mama. Hakuwahi kulalamika. Ninayelalamika ni mimi.

Mwaka wa 2004 alihamia Kitale, akajifunza ushonaji, akafungua kibanda karibu na soko. Alishona sare za shule. Sketi zake zilikuwa na pindo kubwa, ili mtoto akirefuka mzazi afumue tu. Wazazi walimpenda na mafundi wenzake wakamnunia.

Aliolewa na Wabwile, dereva wa lori, tarehe 13 Desemba 2008, na Mungu akawajalia watoto watatu. Wabwile alifariki katika ajali mwaka wa 2020, akazikwa papa hapa Kamukuywa. Rispah alibaki Kitale, mtaa wa Mitume, na Nabwile ambaye sasa ana miaka kumi na minne, Job wa kumi na mmoja, na Khisa wa sita.

Februari 2024 chakula kilianza kumkwama. Daktari akasema ni saratani ya koo. Wale watoto waligawana kazi bila kuambiwa. Nabwile alikoroga uji na kuuchuja kwa kitambaa kabla ya kwenda shule. Job alimgeuza na kufua shuka. Kazi ya Khisa ilikuwa kuonja uji kama umepoa, naye alionja mpaka kikombe kikafika nusu. Rispah alicheka kila mara, ingawa kucheka kulimuumiza. Walilala wote watatu kwenye godoro moja chini, kando ya kitanda chake, ili akikohoa asikose mmoja wa kuamka.

Wengi wenu mlikuja kumjulia hali. Tunawashukuru, na tunawakumbusha mlichokula. Daktari alisema kitakachopita kooni ni supu ya kuku na mayai. Rispah alikuwa na kuku saba. Lakini mgeni kutoka nyumbani hapewi chai kavu, na shemeji Mukhwana, ndugu mkubwa wa Wabwile, hakukosa mwezi. Job alichinja, Nabwile akapika, na shemeji akamwuliza mtoto firigisi iko wapi. Dada yangu alikuwa kitandani akisikia harufu. Ni yeye aliyeagiza kuku achinjwe, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Kufikia Desemba hapakuwa na kuku wala yai, na wageni wakapungua.

Pasaka iliyopita alimwita shemeji, watoto wakiwa wamesimama hapo, nami nikiwa nimemshika mgongo ili akae.

"Mukhwana, hawa watoto usinitenganishie," alisema. "Wakae pamoja. Sitaki kitu ingine."

"Hiyo niachie mimi bana," shemeji akajibu. "Si hawa ni watoto wetu?"

Alimwamini. Tangu siku ile hakulizungumzia tena, na alilala vizuri zaidi.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 3 Juni 2025, Nabwile akimpangusa midomo. Alhamisi, kabla hata jeneza halijachaguliwa, wanaume wa ukoo, shemeji Mukhwana akiwemo, walikaa wakawagawa watoto. Niliomba niwachukue wote watatu Webuye. Nikaambiwa watoto wa Wabwile hawawezi kulelewa kwa kina mama yao, na nikaombwa niende jikoni nisaidie wenzangu. Nilikwenda. Hasira niliyokuwa nayo ninayo mpaka sasa.

Marehemu ameacha watoto watatu. Nabwile anakwenda Suam kwa shangazi yake, kusaidia dukani. Mambo ya shule, wanasema, yataangaliwa. Lile gari jeupe lililoegeshwa likiangalia barabara ndilo litakalompeleka, na litaondoka tukiwa tunafukia, ili pasiwe na kelele. Job anabaki hapa na ng'ombe wa shemeji Mukhwana. Khisa ndiye aliyewapa shida, kwa sababu bado anakojoa kitandani. Mwishowe amepewa binamu aliye mjini Bungoma, ambaye hakuwa mkutanoni wala hajaulizwa.

Nabwile na Job wanajua. Khisa hajui. Nimemtuma jikoni akanywe chai ndipo nikaanza kusoma. Asubuhi aliniuliza, "Aunty, tukirudi Kitale tutalala kwa kitanda ya mama ama bado chini?" Nilimfunga viatu.

Ameniacha pia mimi dada yake, na shemeji Mukhwana aliyeketi pale mbele. Mungu ampumzishe Rispah kwa amani, na asimwambie yaliyoamuliwa Alhamisi.