Marehemu Yuliana Lukwele na Ugonjwa Tuliomtungia

Marehemu Yuliana Lukwele, ambaye leo tunamlaza katika ardhi ya ukoo wa mama yake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1959 hapa Mgeta, kwenye mteremko ulio juu ya Langali. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Athanas Lukwele na mama Eufrazia, aliyeketi hapa mbele yetu. Alibatizwa siku ile ile, kwani alizaliwa mdogo mno na mkunga aliona hatafika asubuhi. Alifika, na mama yake husema huo ndio ubishi wake wa kwanza.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Kichwa alikuwa nacho, ila nafasi za sekondari zilikuwa za kugombaniwa, naye hakuchaguliwa. Akabaki akilima kabichi na njegere na mama yake, huku akijifunza cherehani kwa masista. Huko ndiko walikogundua sauti yake, maana alikuwa akiimba juu ya mlio wa cherehani bila kujijua.

Mwaka 1980 alishuka Morogoro mjini, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo, idara ya kufuma. Tarehe 26 Novemba 1983 alifunga ndoa takatifu na Bwana Thobias Mgunda, fundi mitambo wa kiwanda hicho. Mungu aliwajalia watoto wawili, Rahel mwaka 1985 na Severin mwaka 1988. Ilikuwa nyumba ya vicheko. Majirani waliwahi kulalamika kwamba Yuliana na mumewe wanacheka mno wakati wa kula.

Mwaka 1991 viungo vya mikono vilianza kumuuma, hasa asubuhi. Mwaka uliofuata akaanza kutapika. Hakutapika kwa sababu ya chakula fulani, wala saa fulani. Kulikuja tu, pengine katikati ya mazungumzo, na kukishika kuliweza kumlaza kutwa. Wenzake wa kiwandani walimpongeza.

"Hongera, Yuliana. Huyu wa tatu atakuwa mkorofi."

Tumbo halikukua. Pongezi zikakoma, na minong'ono ikachukua nafasi yake. Alikonda. Usoni pakatoka wekundu uliotambaa mashavuni, nywele zikapukutika. Kwa wakati ule, mtu akiona hayo hakuhitaji daktari. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa moja. Kwenye kantini ya kiwanda wakamtengea kikombe chake.

Zilikuwa siku za maduka ya dawa kuchipuka kila kona na zahanati za watu binafsi kufunguliwa mtaa kwa mtaa. Yuliana alizimaliza. Moja ilisema malaria sugu, nyingine taifodi, nyingine vidonda vya tumbo. Mganga mmoja wa Kihonda akasema ametupiwa jini. Dawa zote hizo alizimeza, na nyingi alizitapika. Alipima Ukimwi mara mbili, katika hospitali mbili tofauti, na mara zote mbili hakuwa nao. Aliporudi na habari hiyo nyumbani, mumewe hakuinua uso.

"Siku hizi kila kitu kinanunuliwa," alisema. "Hata majibu ya damu."

"Ningekuwa na pa kununulia majibu," Yuliana alimjibu, "ningenunua kwanza jibu la kutapika."

Mwaka 1994 kiwanda kilipata mwekezaji, na wafanyakazi wakapunguzwa. Yeye alikuwa katika kundi la kwanza, kwa maelezo kwamba mwenye mali anataka watu wazima wa afya. Mwaka huo huo Bwana Thobias alikwenda Dakawa kulima mpunga, kwa msimu mmoja kama alivyoaga. Hakurudi.

Kilichombakia kilikuwa kwaya ya kanisa, huko huko mjini. Alikuwa amejizoeza. Kichefuchefu kikipanda alitoka taratibu kwa mlango wa pembeni, akatapika nyuma ya kanisa, akasukutua, akarudi na kuudaka ubeti mahali pake bila kukosea noti. Mwalimu wa kwaya alipata kusema kwamba Yuliana hata akitapika hapotezi mapigo. Wote walicheka, na yeye alicheka kuliko wote. Lakini Pasaka ya mwaka 1995 aliambiwa apumzike kwanza, apate nafuu, kwa sababu wenzake hawakutaka kusimama karibu naye. Hakuna aliyekuja kumwita tena. Wanakwaya hao wako hapa leo, na wameimba vizuri.

Mwezi wa Mei 1996 mdogo wake, Dominiko, anayesoma wasifu huu, alimpeleka Dar es Salaam kwa daktari bingwa, mama mmoja aitwaye Nasra. Huyo alimpima kwa siku kadhaa, kisha akamkalisha.

"Dada, una ugonjwa unaitwa lupasi. Kinga ya mwili wako, badala ya kupigana na maradhi, inakupiga wewe. Hukuambukizwa na mtu, na huwezi kumwambukiza mtu."

"Na kutapika?"

"Kutapika kwako sijakuelewa. Huenda kunatokana na hiyo lupasi, huenda kuna sababu yake. Nimetafuta, sijaiona."

Yuliana alilia. Dominiko alidhani analilia ugonjwa, akaanza kumbembeleza.

"Acha," alimwambia. "Miaka minne kila mtu anajua ninaumwa nini. Huyu aliyesoma kuliko wote ndiye peke yake asiyejua."

Alirudi huku Mgeta na watoto wake. Alijifunza kuishi kwa uji mwepesi wa mchele, vijiko vichache kwa wakati, na kukimbia moshi wa vitunguu vinavyokaangwa. Jua lilimuunguza ngozi, hivyo alilima asubuhi mapema na jioni, kwa kofia pana iliyowachekesha watoto. Alilitamka jina la lupasi kwa kila aliyemuuliza. Wengi waliitikia kwa kichwa, kisha hawakunywa maji kwake. Hilo halikutokea mjini. Lilitokea hapa.

Mapema mwaka huu figo zilianza kushindwa. Alilazwa Morogoro mwezi wa Julai, na akafariki dunia Jumatano, tarehe 11 Agosti 1999, akiwa na miaka arobaini. Siku chache kabla, alimwita mdogo wake karibu na kitanda.

"Utakaposoma wasifu wangu, taja lupasi. Watu waisikie."

"Nitataja, dada."

"Na usiseme nilivumilia. Watu wakisikia nilivumilia, watalala vizuri. Sema nilichoka."

Basi, ndugu waombolezaji, Yuliana alichoka.

Ameacha mama yake mzazi, Eufrazia. Watoto wake, Rahel na Severin, ambao kwa desturi yetu ni wa ukoo huu wa mama yao na watabaki katika nyumba hii. Na mdogo wake, Dominiko. Ameacha pia mume, Bwana Thobias, aliyefika leo asubuhi kutoka Dakawa.

Mwenyezi Mungu ampe Yuliana pumziko, na ampe ile amani ambayo sisi, tuliokuwa nayo mikononi, tulimnyima.