Pate ya Maini ya Mama Fides

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei, Mama Fides Nahimana anastaafu baada ya miaka kumi na minane katika jiko letu la karamu, hapa Jeffersontown.

Aliajiriwa kuosha sufuria. Mpishi mkuu wa wakati huo, Mfaransa mkali asiyesifu mtu, alimwona siku moja akisafisha maini ya bata, akitoa mishipa kwa ncha ya kisu bila kuyachana. Akamhamishia kwenye meza ya mapishi siku hiyohiyo. Tangu hapo pate ya maini, kile kianzio cha Kifaransa kinachopakwa kwenye mkate wa kubanika kabla ya mlo wenyewe, ikawa kazi yake.

Mwanzoni alikata vipande vya kushibisha. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania alikokulia, maini hupewa aliyepungukiwa damu, na huyo hapimiwi. Hata jirani yake wa hapa, Spés, alipokuwa mjamzito, alimpelekea bakuli zima. Mtaalamu wa lishe alipomweleza kwamba maini yana vitamini A nyingi mno kwa mjamzito, Mama Fides alirudi mbio kulichukua bakuli, mwenzake kijiko kikiwa bado mkononi. Tulicheka wiki nzima. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akitukumbusha: kipande chembamba, maana madini ya chuma yamo lakini siagi na mafuta vimo zaidi, na tango la siki pembeni ili mafuta yasikinaishe.

Kuipika pate hiyo hakutufundisha, na kosa si lake. Hakuandika vipimo, alitikisa chombo, akaangalia katikati panavyotetema, akajua kama imeiva. Miaka mitatu alituomba tuje saa moja kabla ya zamu. Tulimwitikia, "Kesho, Mama," kisha tukaendelea kulala. Kweli majuto ni mjukuu.

Jumanne tulijaribu wenyewe. Mafuta yalijitenga, katikati pakawa kama mchanga. Mama Fides alionja, akanawa mikono, akasema bado tungehitaji mwaka mmoja. Hakutulaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Wiki ijayo anahamia Buffalo kwa binti yake, nasi tutaanza kufungua pate ya kopo.

Asante, Mama Fides. Mungu akujalie uzee wenye afya, na wajukuu wa kukuchosha. Utusamehe kwa kukuacha uondoke na ujuzi uliotaka kutugawia bure.

Ernestina, meza ya mboga