Kengele Iliyoichelewesha Timu ya Galbet

Kolo. Mlio mmoja wa kengele ya ngamia, mti juu ya mti, kisha kimya. Galbet ilikuwa imelala, nami nikiwa macho kitandani nikausikia ukipita nyuma ya ua wetu kuelekea darajani, penye mstari wa mwisho, nikajua kwamba timu yetu imefika, na kwamba imefika ya mwisho. Timu nyingine za mbio za miguu za kutoka Hulugho zilikuwa zimeshaingia tangu jana, zikapigiwa makofi, zikaoga, zikalala. Asubuhi nilikwenda mapema kwenye benchi letu, mbele ya kibanda cha kahawa cha Saynab, nikakuta wenzangu wamenitangulia. Alikuwepo Redio, ambaye hakuna mtu amewahi kumzima. Alikuwepo Spana, fundi wa malori. Na mwisho wa benchi alikaa Mzee Barre, mchongaji wa kengele za ngamia, ambaye sote tunamwita adeer, kama mtu anavyomwita ndugu wa baba yake. Adeer ana jina ambalo halitamki. Katika ukame wa mwaka wa tisini na mbili mwanawe wa pekee alitoka na ngamia kutafuta maji upande wa mpakani, na hakurudi. Kwetu, ukimtaja aliyekufa unaongeza "Mungu amrehemu." Adeer hakujua aongeze au asiongeze, basi akaliacha jina lenyewe. Miaka minne sasa anasema "yule", na sisi, kwa heshima, tunasema "yule" pia.

— Wametuaibisha, alisema Redio. Wanatoka Hulugho watu wanne na ngamia mmoja, wanafika watu wanne na ngamia wawili. Hii ilikuwa mbio ama mnada?

Tuligeuka kumtazama ngamia huyo wa pili. Alikuwa jike mdogo, amefungwa kwenye nguzo ya kibanda, anatafuna kama mtu anayefikiria jambo. Hakuwa na chapa ya moto popote mwilini, wala shingoni wala pajani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ni wa nani. Alikuwa na kengele tu.

— Mimi nawaambia, hii ngamia ni ya jeshi, alisema Spana. Ndiyo maana hakuna chapa. Kitu ya siri haiandikwi.

— Waryaa, alidakia Redio, jeshi gani hufunga kengele? Linavamia adui likisema kolo kolo?

— Hapo ndipo ujanja iko. Adui anadhani maziwa yanakuja.

— Hapana, alisema Redio. Wenye mbio ndio walimweka njiani. Ni mtego. Wanataka kujua nani ana tamaa.

— Na kama si mtego?

— Kama si mtego, ni jini.

Saynab alitoa kichwa nje ya kibanda.

— Jini hajisaidii mlangoni kwangu. Nimezoa samadi yake asubuhi hii kwa mikono yangu. Kunyweni kahawa, mnyamaze.

Tulicheka, ila Adeer Barre hakucheka. Kikombe chake kilikuwa hakijaguswa. Alikuwa anaitazama shingo ya yule ngamia kama mtu aliyesikia anaitwa lakini hana hakika.

Ndipo wakaja Ruweyda na Salah, wakitembea kama watu wanaokanyaga misumari. Ruweyda, binti wa dukani pale kona, ndiye alikuwa kiongozi wa timu. Salah ndiye mwenye mbio kuliko vijana wote wa Galbet. Wenzao wawili, Abdub na Anab, walikuwa bado wamelala. Tuliwapisha wakae.

— Haya, alisema Redio. Mmejifunza nini huko, zaidi ya kuchelewa?

— Nimejifunza soksi, alisema Salah. Maze, mtu anaweza kuipenda soksi kavu kama mchumba.

— Na wewe mwenye mbio, kwa nini hukutangulia?

— Saa ya timu inasimama mtu wa mwisho akivuka mstari. Nikitangulia namngoja nani? Ruweyda aliniweka nyuma ya wote. Siku ya kwanza nilimchukia, wallahi. Nilitazama visigino vya Abdub mpaka nikavijua kama uso wa mamangu. Siku ya pili vikaanza kuvuja damu, nami ndiye niliyeona kwanza, kwa sababu nilikuwa sina kingine cha kutazama.

— Tukaubeba mzigo wake kwa zamu, alisema Ruweyda. Kila tukipokezana anaomba msamaha. Nikamwambia, Abdub, omba asubuhi mara moja, iwe ya siku nzima.

— Na akafanya hivyo?

— Akafanya. Anaamka, anaswali, anatuomba msamaha wa siku, tunaondoka.

Spana alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kisha akasema alichokuwa amekiweka moyoni:

— Lakini mlikuwa mbele, dada. Watu ya lori walitwambia. Galbet iko mbele. Halafu mkasimama.

Ruweyda alikunja vidole vya miguu mchangani.

— Tulisikia kengele, alisema. Nje ya njia, upande wa mpakani. Tukamkuta huyu peke yake, guu moja limechomwa na mwiba. Tukafuata nyayo zake nyuma, hatukuona mtu. Upepo ulikuwa umezifuta.

— Mngemwacha, alisema Redio, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

— Kisima kilichofuata kilikuwa mbele yetu. Wewe mwenyewe unajua. Ukifika kisimani, kabla hujapewa maji unaulizwa umeona nini, umesikia nini. Kuna mtu anaweza kuwa amekaa pale anangoja habari ya ngamia wake. Ningemwambia nini? Kwamba niliisikia kengele nikapita, kwa sababu nina haraka ya kupigiwa makofi?

Redio alipuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa.

— Tuliuliza kila kisima mpaka hapa, aliongeza Salah. Hakuna aliyemdai.

Wakati huo mgeni alikuwa amesimama kando ya kibanda, begi begani, anangoja kahawa. Kijana mrefu, midomo imepasuka kwa jua kama ya Salah. Alisalimia, tukaitikia, Saynab akampa kikombe.

— Mimi ni Gababo, alisema. Natoka Wajir. Timu yetu ndiyo ilishinda.

— Karibu, bingwa, alisema Redio. Kaa uwafundishe hawa.

Gababo hakukaa. Alimtazama Ruweyda.

— Dada, ile kengele na sisi tuliisikia. Tulipita hapo kabla yenu kidogo, kwa njia ya chini isiyopitiwa na malori. Tulipofika kisimani mzee mmoja akatuuliza tumesikia nini. Nikasema sikusikia kitu.

Alizungusha kikombe mkononi.

— Nimevaa medali usiku mzima. Sikulala. Basi nikasema, kabla ya basi kuondoka, niende nimwone huyo ngamia.

Ruweyda alisogea kwenye benchi, akampa nafasi. Gababo akakaa.

Hapo ndipo Adeer Barre aliposimama. Alikwenda kwa ngamia polepole, akimsemesha kwa Kisomali kwa sauti ya chini, akafungua kamba ya shingoni, akarudi na kengele mikononi. Aliiweka magotini. Alipitisha kidole gumba juu ya mti mweusi, uliolainika kwa miaka, kwenye mistari mitatu ya kuchora ambayo sote tunaijua, maana iko kwenye kila kengele aliyowahi kuiuza sokoni.

— Mwili wa kengele hii ni kazi yangu, alisema.

— Adeer, umeuza kengele ngapi mpaka Elwak, alisema Redio kwa upole. Inaweza kuwa ya mtu yeyote.

— Hii sikuiuza.

Aliigeuza. Ndani, ule ulimi wa mti unaogonga ulikuwa mweupe. Ulikuwa mpya, mti wake haujakauka vizuri. Adeer aliunusa. Kisha aliuinua kwenye mwanga, nasi tukaona alama za kisu zikilala upande wa kushoto, zote, kama nyasi zilizopitiwa na upepo mmoja. Nilikumbuka nikiwa mtoto, nikipita mbele ya ua wake, nilivyokuwa nikimsikia akimgombeza mwanafunzi wake mmoja tu, yule mwanawe: geuza mkono, kijana, mkono wako wa kushoto unaupinda mti wangu.

Spana alikumbuka pia. Nilimwona akishika ukingo wa benchi. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa kimya. Saynab alikuwa ametoka kibandani na birika mkononi, na hakumimina.

Gababo peke yake hakujua kitu. Aliinama, akatazama ule ulimi mweupe, akauliza kama mtu yeyote angeuliza:

— Huu ni wa juzi tu, mzee. Nani aliuchonga?

Tulitazama chini. Wote tulikuwa na jibu, na hakuna hata mmoja wetu ambaye jibu hilo lilikuwa lake kulitoa. Ngamia aliacha kutafuna. Adeer Barre aliifunika kengele kwa viganja viwili isilie, akavuta pumzi ndefu, na tukangoja jina, na kama litafuatwa na dua ya marehemu. Alilitoa jina peke yake.

— Hanad, alisema.