Yaya Alikwenda Wapi?

Treni ilikuwa bado haijashika kasi, na tayari fundi umeme alikuwa anajuta kumwambia mama aliyeketi mbele yake kwamba tamthilia ya jana imeisha vizuri.

"Vizuri kwa nani?" mama alimjia juu. "Binti kaolewa, baba yake kapona, sawa. Na yule yaya? Kawalea watoto wale tangu wananyonya, halafu anatolewa getini na begi lake, muziki, majina, basi! Kaenda wapi?"

"Mama yangu, si mchezo tu? Mwigizaji mwenyewe saa hizi yuko kwake anakunywa chai."

"Simuulizii mwigizaji. Namuulizia yaya!"

Fundi alitazama huku na huku apate wa kumuunga mkono. Behewa zima lilikuwa upande wa yaya.

"Nimelea watoto wa watu miaka kumi na tisa," mama alisema. Sauti ilishuka, hasira ikabaki palepale. "Nilitolewa getini vilevile. Hakuna aliyeuliza nitalala wapi."

Kicheko kilimkauka fundi usoni. "Ulilala wapi, mama?"

Treni ilifunga breki. Mama alisimama, akamkazia macho.

"Wewe ndiye wa kwanza kuuliza," alisema kwa ukali, akashuka.